Mbuzi Tuliowatuma Msibani

Ndalambo, Jumamosi. Jua kali, na upepo umejaza vumbi hadi kwenye chai. Mikono yangu haina hata lengelenge moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo tumemzika Mzee Sichone, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Niliamka mapema, ng'ombe nikamwachia mke wangu, nikabeba jembe na koleo. Sikuwahi kufanya hivyo tangu tuhamie hapa kutoka Usukumani. Wakati ule sikuwa nimeota ndevu. Sasa zina mvi.

Si kwamba tulikuwa wachoyo. Kila ulipotokea msiba baba aliniita, "Masanja, peleka mbuzi, uwahi kurudi. Ng'ombe hawajui msiba." Niliwakabidhi wafiwa mbuzi, nikatoa pole nikiwa nimesimama, nikageuka. Tulijiona watu wema kweli. Baba alipofariki niliendelea vilevile kwa hiari yangu, kwa hiyo hapo siwezi kumsingizia marehemu.

Mwaka jana mama akafa. Majirani walileta mahindi na kuku, wakatoa pole wakiwa wamesimama, wakaenda zao. Kaburi la mama tulichimba mimi na mdogo wangu, wawili tu, kwenye ardhi iliyokauka kama tofali. Nilikasirika. Nikamwambia mke wangu kwamba watu wa huku wana roho mbaya.

Uongo. Walinirudishia nilichowafundisha mwenyewe.

Leo nilipofika makaburini, shimo lilikuwa limewafika vijana kiunoni. Nikavua shati. Mtoto mkubwa wa marehemu akanishika mkono, kwa adabu kabisa: "Aa, kaka Masanja, wewe ni mgeni wetu bwana. Pumzika kivulini, sisi tutamaliza."

Akaagiza kiti. Wengine wote walikuwa wamekaa chini.

Nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki, nikiwa nimelaza jembe miguuni. Nilitamani wanitukane, ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Wanangu wamezaliwa hapa, Kinamwanga cha huku wanakijua kuliko Kisukuma, na baba yao bado anawekewa kiti cha mgeni. Siku yangu ikifika, watachimba na nani?

Kesho watu bado wapo matangani. Nitafika kabla viti havijatolewa, nichote maji, nipasue kuni, nikae chini.

Mbuzi abaki zizini.