Nilichoma Kitabu cha Dau

Mama Yangi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo ikifika bila jibu lako sijui nitauficha wapi uso wangu. Mimi ni Mkenya wa Garissa, natunza stoo ya shirika la kuchimba visima hapa Juba, na sisi wenye zile mashine za setilaiti za kuwekea visima alama tuna mchezo wetu wa Jumapili: mtu anaficha kopo lenye kijitabu ndani, anaweka namba za mahali kwenye mtandao, wengine wanalisaka, na anayelipata anaandika jina lake kijitabuni na kulirudisha palepale. Kuna sheria ambayo kila mgeni huambiwa siku ya kwanza, kwamba ukikuta kopo limeharibika usilibadilishe, anika kinachoanikika, rudisha, halafu mjulishe aliyelificha, kwa sababu kopo ni lake. Sheria hiyo niliijua vizuri, Mama, sitaki kukudanganya.

Kopo moja la mtaa wa Juba Na Bari nililisaka Jumapili tatu mfululizo, limefichwa kwenye ufa wa ukuta mbovu karibu na mto, na mwezi uliopita nilipolipata lilikuwa limeliwa na kutu, mfuniko umetoboka, maji yameingia, kijitabu kimevimba na kurasa zimegandana hata sikuzifungua, nami nilitaka jina langu liandikwe siku ileile, basi nikaenda kuchukua kopo la biskuti na daftari jipya, nikaandika jina langu mstari wa kwanza, lile la zamani pamoja na kijitabu chake nikalitupa kwenye takataka zilizokuwa zikiungua kando ya njia, halafu nikatangaza mtandaoni kwa majivuno kwamba kopo nimelitengeneza, liko salama.

Siku mbili baadaye mwenye kopo akanijibu kutoka mji wa Rumbek. Mchezoni tunatumia majina ya kujibandika, kwa hiyo sikujua kwamba ni Awien, dada yake Dau, yule msimamizi wa wachimbaji wetu aliyefariki kwa malaria mwaka jana, ambaye alikuwa akija dirishani kwangu kuchukua mabomba na kunitania kwamba nayahesabu kama ngamia. Awien aliandika: "Asante sana ndugu yangu. Hiyo kitabu ndio kitu ya Dau imebaki, zingine zote zilipotea. Naja Juba mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, nataka tu kuona mwandiko yake." Ukurasa wa kwanza, anasema, Dau aliandika siku waliyorudi kutoka kambi ya Kakuma: Dau na Awien, tumefika nyumbani.

Mama, nilimjibu kwamba kitabu kipo. Vidole viliandika vyenyewe. Kisha nikamweleza Jovia, Mganda anayeuza madaftari mtaani kwetu Hai Jalaba, naye akacheka: "Wewe iko na shida gani? Andika tu wewe. Mutu alishakufa, nani itajua?" Nami nikatoa zile karatasi za stoo ambazo Dau alitia sahihi akipokea mabomba, nikakaa siku tatu nikiiga herufi zake, na jana niliandika "tumefika nyumbani" ikatoka kama yake kabisa, nikalia. Nimpe? Au niondoke Juba asinikute? Sili, sielewi hata ninachohesabu.

Shueb, wa Hai Jalaba

Shueb,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Kopo kuoza ni mvua. Kitabu kuungua ni haraka yako ya kuona jina lako mstari wa kwanza. Lakini hayo yote ungeweza kuyasema siku ileile dada wa watu alipokuandikia, na badala yake ukaketi kujifunza mkono wa marehemu! Una akili kweli? Unataka Awien apeleke midomo kwenye wino wako akidhani anambusu kaka yake?

Najua hukukusudia, na machozi yako nayaamini. Pole. Kuondoka Juba ni upuuzi, usinitajie tena, na huyo Jovia abaki na madaftari yake.

Karatasi ulizofanyia mazoezi zichome leo, moto unaujua ulipo. Halafu mpigie Awien simu. Usingoje Jumamosi, asije akapanda gari na furaha ya uongo kifuani safari nzima. Mwambie, "Nilikichoma, kisha nikakudanganya." Usianze kumweleza habari za kutu na maji, wala usimpe malesh, ile samahani nyepesi ya mtu aliyekukanyaga sokoni. Akikata simu, usimsumbue.

Sasa sikia. Zile karatasi za stoo ulizokuwa ukiiga ni mwandiko wa Dau mwenyewe, na wewe umezikalia kama vifaa vya wizi. Muombe mkuu wako ruhusa, hata ya karatasi moja tu. Usiitaje kwenye simu hiyo, Awien asione unanunua msamaha. Mpelekee akishakuwa tayari kukuona. Itasema mabomba, haitasema nyumbani. Haitoshi, na usijidanganye kwamba itatosha.

Kopo lako liache ukutani, na jina lako ndani vilevile. Mwenye kopo ni yeye, ataamua yeye. Akitaka kulitupa mtoni, mshikie mkoba alitupe.

Sitakuahidi kwamba atakusamehe. Mama yangu tulimzika ukimbizini, kambini Adjumani, na nilichorudi nacho ni kitambaa chake kimoja cha kichwani, kimechanika, na panya wamekitafuna. Mtu angekitupa hicho kitambaa kwa kuwa kimechakaa, Mungu anisamehe, sidhani kama ningemsalimia tena.

Hata hivyo ningetaka aniambie yeye mwenyewe. Mpigie sasa, kabla hajakata tiketi.

Mama Yangi