Pedali Yako na Betri za Kuanika

Kaka,

Sendofu ya Neema imepita salama, na kwa kuwa binti ni wako, unastahili taarifa. Mwaka jana kaburini kwako nilisema maneno mengi. Leo nitakueleza habari za pedali tu.

Kile kiboksi cha chuma cha kukanyaga, kinacholikwaruza gita mpaka linalia kama nyuki waliochokozwa, wewe ulikiita fazi. Tukienda kupiga muziki Nansio ulikipakata melini kama kuku wa zawadi, mimi nikibeba besi na spika. Kina vitufe vitatu vya kuzungusha, vya ukali, toni na sauti, na swichi moja, nawe ulidai humo ndani mna magita kumi. "Sikia hii," ulisema, ukizungusha toni kidogo tu. Sikusikia tofauti yoyote. "Basi sikia tena." Na kikizima katikati ya wimbo, uliwainulia watu kiganja kimoja, subirini, ukainama kukishughulikia. Walisubiri. Sijui kwa nini walikuwa wakikusubiri.

Neema aliomba kitu kimoja: aingie ukumbini kwa sauti ya gita la baba yake, ile iliyokuwa ikikwama kooni, aliyolala akiisikia sebuleni tangu mdogo. "Shangazi, wewe ndiye uliyekaa naye jukwaani. Nani mwingine ataijua?" Wanawake wa ukoo hawakupendezwa. Shangazi kazi yake ni kumshika bibi harusi mkono, si kushika gita. Nikawaambia mkono wa kumshika hautakosekana.

Tatizo, wifi alikuwa amekisafisha kiboksi. Baada ya msiba alifuta alama zako zote za rangi ya kucha, zilizoonyesha kila kitufe kisimame wapi, akarudisha kila kitufe mwanzo kabisa, kama anayezima jiko. "Niliogopa kitashika moto, wifi." Nikaanza upya. Nikatia betri mpya, nikafungulia ukali wote: ikatoka sauti nene, nzuri, ya mtu mwingine. Nikapunguza ukali, nikaongeza toni: mbu. Nikageuza swichi, nikashusha sauti ya gita lenyewe kama ulivyozoea kwa kidole kidogo. Afadhali, lakini bado hukuwa wewe. Nilikutafuta humo wiki nzima, Kaka, na nilikukasirikia kuliko siku tulipokuzika.

Jibu nililikuta nje nilipokwenda kuanua nguo. Juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba yako hapa Ilemela, wifi alikuwa ameanika betri za redio zipate nguvu kidogo. Nikasimama pale na beseni langu. Wewe hukuwahi kutia betri mpya kwenye kile kiboksi. Ulichukua za maikrofoni za kanisani zikishachoka, ukazianika, ukazitumia mpaka zikate roho. Noti zako zilikwama kwa sababu pedali ilikuwa na njaa.

Nikaenda kwa fundi mitambo wa kwaya.

"Shikamoo. Naomba betri zilizochoka."

"Marahaba. Zilizochoka? Mpya zipo, mama."

"Zilizochoka kabisa."

Nikazianika kwenye jiwe lako. Nilipopiga noti ya kwanza, wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Sikuhitaji kumuuliza kama ni wewe.

Siku yenyewe mlango wa ukumbi ulifunguliwa, nikakanyaga. Ulikuwepo. Neema alianza kutembea polepole, anatabasamu, na mimi moyoni naiomba betri imfikishe mbele. Haikumfikisha. Alipofika katikati sauti ikakohoa, ikakata. MC akashika maikrofoni aokoe jahazi. Wale wanawake wa ukoo wakanigeukia wote kwa pamoja.

Neema akasimama. Akawainulia wageni kiganja kimoja.

Hakuna aliyemfundisha, Kaka. Ukumbi mzima ukamsubiri, nami nikapiga magoti na kitenge changu kipya, nikafungua kiboksi, nikatia betri nyingine ya jiweni. Nililia huko chini, ambako watu walidhani nahangaika na waya. Nimekukumbuka kuliko ninavyopenda kukiri.

Sauti iliporudi alishusha mkono, akaendelea kutembea.

Vitufe nimeviacha palepale. Wifi nimemkataza kufuta vumbi.

Pumzika,
Mdogo wako wa besi