Ruhusa ya Zuhura

Jumatatu, 6 Machi 1995
Chai, andazi, viatu brashi. Ofisini saa mbili kamili. Tangu jeshi la polisi lilipotupunguza, napeleleza kwa leseni yangu mwenyewe. Soko huria bwana. Mteja: mke wa Mzee Shabani, mlinzi wa ghala la vitenge hapa Mafiga, Morogoro. Mumewe yuko mahabusu kwa wizi wa majora. Eti alionekana alfajiri akipakia, amevaa koti lake la ulinzi. Kesi Ijumaa. Asipotetewa anafungwa. Hafungwi. Mimi nipo.

Jumanne, 7 Machi
Shahidi nimempata kabla ya saa sita. Zuhura, miaka tisa, alikuwa akienda bombani. Alimwona mwenye koti. "Nilimwamkia, hakuitika. Babu Shabani huitikia hata akiwa na chakula mdomoni." Akamtazama vizuri: dereva wa mwenye ghala. Baba yake, fundi baiskeli, amekubali nimpeleke mahakamani. Tumepeana mikono. Rahisi mno.

Alhamisi, 9 Machi
Mtoto hayupo! Mjomba wake kaja jana, kampeleka kwao Matombo, milimani. Kahongwa, nikasema. Nimepanda na hasira zangu, tope hadi magotini.

Hakuhongwa. Mjomba alinipa ndizi, nikala, ndipo akanisomea shtaka langu. "Mtoto huyu wa ukoo wetu, wa dada yangu. Unampeleka mbele ya hakimu, mimi sijui? Ruhusa kakupa nani?" Baba yake, nikajibu. Wakacheka wote, mpaka wanawake jikoni.

Miaka kumi na moja Morogoro, bado nafikiri Kichaga. Kwa Waluguru mtoto ni wa kwa mama, na neno ni la mjomba. Nani asiyejua? Mpelelezi. Nimeona aibu kweli. Nikaomba radhi, nikaanza upya na salamu. Mjomba akamuuliza Zuhura mwenyewe. Akasema anataka kusema. Tumeshuka watatu. Kujikwaa si kuanguka.

Ijumaa, 10 Machi
Dereva alikaa benchi la mbele, akamkazia mtoto macho. Zuhura akanyamaza. Nilikuwa na maswali yangu yote tayari, hayakunisaidia kitu. Mjomba akainuka polepole, akaenda kukaa benchi hilohilo, bega lake likayaziba yale macho. Mtoto akasema yote.

Mzee Shabani ameachiwa saa nane. Mkewe alimletea kandambili; ametoka mahabusu peku.

Zuhura alilala njia nzima ya kurudi, begani kwa mjomba. Nilibeba viatu vyake.