Nani Atajibu Hodi ya Kua

Juani, 4 Agosti 2024

Shangazi yangu Bimkubwa,

Sasa hivi tu mwanangu Tumaini kapiga hodi kwenye banda la kuku. Kasimama na kitumbo chake wazi, "Hodi! Hodi!", kangoja. Jogoo alipowika ndiyo akaingia. Nimecheka mpaka kalamu ikanianguka. Shikamoo shangazi. Hujambo? Goti limepoa? Nazi mmeshaangua? Sisi wazima, Alhamdulillahi.

Tangu baba yake aniache tuko wawili tu humu ndani. Ila nina habari. Nimeomba kuingia kikundi cha watembeza wageni. Wote ni wanaume. Jumamosi napimwa: niwatembeze wageni magofu ya Kua, mji wetu wa kale, na katibu wao Mbaraka anifuate nyuma akisikiliza. Kashaniambia, "Mwanahalima, hodi zenu za kizamani ziache. Maji yakitoka mashua inakaa topeni. Mgeni anataka historia."

Wakinikataa, nafunga virago nakuja kukaa kwako Bweni kama unavyotaka siku zote. Wakinikubali, nabaki nyumbani kwa marehemu mama. Niombee.

Mwanao,
Mwanahalima

Bweni, 7 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, likinusa mvua linaniamsha. Barua kaileta Kombo wa gari, imelowa maji ya samaki, lakini nimeisoma.

Sikufichi, sijapenda. Kua si uwanja wa maonyesho. Mama yako, Mungu amrehemu, akienda kufagia na kufukiza ubani hakuvuka mlango wa lile jumba kubwa bila hodi. Na utaratibu unaujua: anayepiga hajijibu. Anajibu mzaliwa mwingine wa Juani, kwa niaba ya waliolala pale. Msipoambiwa karibu, mnarudi mlikotoka. Sasa wewe utajibiwa na nani? Mbaraka? Yule tangu mdogo hata uji alikuwa anaununia!

Ukishindwa usilie. Kitanda chako nimeshakitandika.

Shangazi yako

Juani, 11 Agosti

Shangazi, shikamoo. Hujambo na wa nyumbani? Mimi sijambo, sijambo sana!

Wageni walikuwa walimu wa bara, mkubwa wao mzee mmoja, Mwalimu Elineema. Tumaini nilimfunga mgongoni, sikuwa na wa kumwachia. Nikaanza vizuri, msikitini, makaburini, maneno yanakuja yenyewe. Tulipofika mlango wa jumba kubwa nikamwona Mbaraka anatazama saa. Nikaogopa. Nikaingia kimya, wageni nyuma yangu.

Shangazi, mtoto alipiga ukelele! Kajipinda mgongoni, kashika ukingo wa mlango, "Hodi! Mama, hodi!" Haachii. Mwalimu mmoja akauliza, "Anaumwa?"

Nikasema, "Haumwi. Ana adabu kunishinda mimi. Naomba tutoke tuanze upya."

Tukatoka wote. Nikawaeleza desturi yetu, wakavua kofia. Nikapiga: "Hodi wenyewe!" Huko chini nahodha anapiga mluzi, maji yanatoka. Mzaliwa mwingine wa Juani pale, ukimwacha mtoto, ni Mbaraka peke yake, kakunja uso. Nikapiga ya pili. Ya tatu. Watu wote macho kwake. Tumaini kamgeukia: "Mjomba, hodi!"

Mbaraka katazama ukuta, katazama chini. Kisha kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo utotoni: "Karibu. Karibuni ndani."

Mwalimu Elineema akafuta macho. Anasema magofu katembea mengi, hajapata kukaribishwa hata siku moja.

Mashua ilikaa topeni kweli. Tukangoja maji yarudi, tunakula mihogo, na hakuna aliyenuna. Nikamuuliza Mbaraka, "Sasa nimefaulu au sijafaulu?" Kanijibu, "Nimeshasema karibu mbele ya wenyewe. Nikufukuze kwa mdomo gani?"

Virago nimevifungua, shangazi. Hicho kitanda nitakilalia Idi, nikija kukutembelea.

Mwanao, mtembeza wageni

Bweni, 16 Agosti

Mwanangu, marahaba mara saba!

Barua nimeisoma nimesimama, goti nimelisahau. Kisha nimewasomea majirani, kisha nikawarudia wale wale. Mama yako angepiga vigelegele mpaka kisiwa cha pili, Jibondo, wasikie. Mbusu Tumaini kwenye hicho kitumbo. Na Mbaraka mwambie siku nikija yeye ndiye atakayenibebea kikapu. Siku yenyewe sisemi.

Shangazi yako, anayejidai

Juani, 24 Agosti

Shangazi, shikamoo. U mzima? Tumaini yuko mlangoni kavaa kofia yangu ya kikundi, imemfunika mpaka pua. Wanawake wawili wa hapa wamekuja kuniuliza nao wanaingiaje. Wageni wakishuka wanamtafuta "yule mama wa hodi", na Mbaraka tangu alfajiri anasafisha koo, utadhani muadhini. Mimi nimekuwekea halua, maana ulisema siku husemi na mimi nakujua ulivyo, kwa hiyo nilikuwa nataka nikuulize kama

Ngoja, shangazi. Mbaraka ananiita ufukweni, "Kiongozi! Kiongozi, njoo upesi!" Anasema mashuani yumo bibi mmoja wa Bweni, kashamtwisha kikapu, na kushuka hataki, anapiga hodi humo humo, eti hakanyagi Juani mpaka ajibiwe na