Miche Mitano Uani kwa Watu

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Na Mama, mguu umepungua uvimbe? Sisi huku Makambako ni wazima wa mwili tu, kwa mengine nimekwama kabisa. Ningekupigia, lakini tangu tulipokosana kwenye kikao cha Krismasi simu yangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua hii kondakta wa basi la Makete akukabidhi mkononi. Nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Ile miche mitano ya parachichi uliyonipa mwaka juzi nikija huku, niliipanda. Uliniambia nisikae mahali pakavu kama mtu wa gesti, nami nikaipanda uani kwa Mzee Luka, mwenye nyumba wetu, nyuma ya vyumba viwili tunavyopanga karibu na reli. Sasa inanifika kifuani. Nilimwomba ruhusa mwenyewe, akacheka, "Panda bwana, ikizaa tutakula wote." Sikuita shahidi. Jamani, nani anaita shahidi kwa miche ya parachichi?

Ujinga wangu huo. Nyumbani kila mtoto anajua kwamba shamba la kuazima unalima viazi na mahindi, mti hupandi, kwa sababu aliyepanda mti kesho anasema ardhi ni yake. Mimi nikadhani mambo hayo tumeyaacha huko milimani, mjini watu wana mikataba. Kumbe wenye nyumba wa huku nao ni watoto wa wakulima kama sisi.

Mzee Luka alifariki mwezi uliopita. Baada ya matanga ndugu wakazunguka kiwanja kutazama mali ya marehemu, na mwanawe mkubwa, Yohana, aliyekuja kutoka Mbeya, akasimama mbele ya parachichi zangu.

"Hii miti ya nani?"

"Ya mpangaji," mama yake akajibu.

"Mpangaji! Anapanda miti ya kudumu kwenye kiwanja cha baba?"

Hapo moto ukawaka. Nikasema nakwenda kuchukua jembe, naing'oa sasa hivi. Akaniwekea mkono kifuani: "Usiguse kitu. Leo unang'oa, kesho unakuja kudai fidia." Kodi hawanidai hata senti, Baba, lakini kwao si habari ya kodi tena. Wanaona nimekuja kuwanyang'anya kiwanja mzee wao akiwa bado mbichi kaburini.

Mwenyekiti wa mtaa akatuketisha. Mama Yohana, ambaye mke wangu Rehema amekuwa akimpikia siku zote za msiba, akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mwanangu, mtu mwenye shamba kwao anapandaje parachichi kwenye nyumba ya watu? Kwani huko Makete huna sehemu?"

Ningejibu nini? Kwenye kikao kile cha Krismasi shamba la bondeni ulimpa mdogo wangu Isaya, na la juu pia ukampa Isaya, mimi ukasema nimeshakuwa mtu wa mjini. Nikatazama chini. Wote wakaniona nimetazama chini, na Yohana akapiga makofi, "Si mmeona?"

Uamuzi ni huu: mpaka Jumamosi aje mzazi wangu, aseme mbele ya watu kwamba nina kwetu na kwamba kiwanja hicho sikitaki. Asipokuja, tunatoka siku hiyo hiyo.

Tutoke twende wapi? Rehema ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, hata ndoo ya maji hainui. Nimezunguka mtaa mzima kutafuta chumba. Mama mmoja alikuwa ameshanifungulia mlango, nikaona mpaka dirisha, akaniuliza nahama kutoka kwa nani. Nilipomtaja marehemu akarudisha kufuli. "Ahaa, wewe ndiye yule wa miparachichi." Hata nikisalimia "kamwene" watu wanaitikia wakiangalia pembeni. Jana Rehema alianza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye kiroba, akaniuliza, "Nitamzalia wapi?" Nikatoka nje. Mtu mzima mimi, Baba, nimelia nyuma ya choo nikijiziba mdomo na kofia.

Msalimie Mama, umwambie asilie. Msalimie shangazi aliyenilea, na majirani wa kanisani wanaoniulizia. Isaya naye msalimie, sina kinyongo naye, mashamba hakujigawia mwenyewe.

Baba, ukipanda basi la Ijumaa utafika. Mashamba sikuombi tena, nimeshanyamaza. Nakuomba uje usimame pale uani, uvue kofia kama unavyovuaga, useme, "Huyu ni mwanangu, na kwetu ana pake." Kama ni kweli, iseme. Kama si kweli, iseme hivyo hivyo, mbele ya Yohana na mbele ya mke wangu. Ukweli utaniambia baadaye, tukiwa wawili, na mimi sitamwambia mtu.

Mwanao wa kwanza, ambaye hajaacha kuwa wako,

Tumaini