Uso wa Papa kwenye Gauni la Eugenia

Picha ya Ndege, Kibaha,
Ijumaa, 2 Mei 2025.

Kwa dada yangu mpenzi Mwanajuma,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kelele, na nguruwe wa porini wamekuachia angalau nusu ya mihogo. Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako Mwanakheri anakusalimu sana, na anasema zile kanga ulizompa hajazivaa bado kwa sababu mumewe fundi cherehani hajapata nafasi ya kuzipinda. Ni kweli, sina la kujitetea.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, wewe simu yako unaiweka sauti ya nje, kijiji kizima cha Masaki kinasikia mpaka wachoma mkaa. Jambo hili nataka ulisome peke yako. Ndiyo maana nimempa Kudra wa bodaboda akukabidhi mkononi.

Unamkumbuka Leodegar, yule Mnyamwezi wa Ndala tunayepakana naye ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyekuja kwenye maziko ya Baba akaanza kumdai marehemu jogoo wake kwa sauti, mpaka wewe mwenyewe ukacheka katikati ya kilio. Mama yake alipofariki, nami nilijilaza juu ya udongo wa kaburi nikakataa kuinuka mpaka nipewe kuku. Nikapewa. Ndivyo ulivyo utani wetu sisi Wazaramo na wao Wanyamwezi, na kwa miaka kumi na tisa sikuona kitu ambacho mimi na yeye tusingeweza kukifanyia mzaha.

Sasa sikiliza. Kabla ya Pasaka, wanawake wa jumuiya yao, wale wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, waliniletea kitenge chenye picha ya Papa niwashonee magauni kumi na moja ya sare. Picha yenyewe kubwa kama sinia, mzee wa watu amenyoosha mkono anabariki. Eugenia, mke wa Leodegar, alinisimamia kama askari, akaniagiza kwamba uso ukae kifuani au mgongoni, usikatwe na mshono wala usikaribie pindo. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa Mlandizi kwenye arobaini ya fundi mwenzangu. Huko ndiko redio iliponikuta ikitangaza kwamba Papa amefariki. Sikufichi, habari ile ilinipita kama habari ya mvua ya nchi nyingine. Nikasema mzee amepumzika, nikaendelea na pilau. Kumbe huku mtaani kwetu Picha ya Ndege, Eugenia alikuwa amemjia wifi yako mbio, macho mekundu, akauchukua mfuko wa magauni yote, maana jioni ile palikuwa na Misa ya kumwombea marehemu. Akavaa harakaharaka bila kujitazama nyuma.

Dada, uso wa Papa ulikuwa kwenye makalio.

Alipopiga magoti waliokuwa nyuma wakauona. Alipoketi, akamkalia. Mama mmoja mtu mzima alipiga yowe humo kanisani. Ikabidi Eugenia afungwe kanga kiunoni na kutolewa nje, analia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Niliposhuka kwenye gari nikakuta watu wamejaa mlangoni kwangu, na mimi, kwa ulimi huu huu, nikasema mkasi umeteleza, macho yamezeeka.

Kesho yake Amiri muuza vitasa, ambaye tunaswali naye safu moja, alinishika mkono mbele za watu akanipongeza kwamba nimewakomesha wanaoabudu binadamu mwenzao. Mlokole wa fremu ya pili naye akaja anacheka, akasema amewaambia miaka yote kwamba hakuna baba mtakatifu hapa duniani, na andiko analo. Hao wawili hawajawahi kukubaliana hata kama leo ni jua au mawingu. Siku hiyo walikubaliana juu ya gauni la jirani yangu, na shujaa wao nikawa mimi. Nilihisi baridi, dada, na jua lilikuwa kali.

Jumatano jumuiya ilikutana nyumbani kwa Leodegar. Wapo waliotaka nifikishwe serikali ya mtaa kwa kudharau dini yao. Leodegar akasimama na rozari mkononi, akasema ananijua, lile ni kosa la mkasi, na anayemshitaki Bilali amshitaki na yeye. Maneno yakaishia hapo.

Jioni alikuja dukani akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamwuliza, kwa kweli kabisa, inakuwaje watu wazima wamlilie hivi mtu ambaye hawajapata hata kumpa mkono. Hakukasirika. Akaniambia hawamwabudu, Papa ni mtu mwenye dhambi kama yeye, anapiga magoti na kuungama kwa padri mwingine. Ila wao wanaamini Yesu alimkabidhi Petro funguo na kundi lake, na kiti kile hakijakosa mrithi tangu hapo. Kisha akanieleza alivyofika Kibaha akiwa kijana, hana ndugu wala pa kulala. Akaingia kanisani asubuhi, padri hamjui, nyimbo nyingine hazijui. Ilipofika sala ya Misa likatajwa jina la Papa, lile lile lililotajwa Ndala Jumapili iliyotangulia, mama yake akiwa ameketi kando yake. Akajua hajapotea. Akasema juma lile Misa inasomwa bila jina, na mahali lilipokuwa likitajwa anapasikia kama pengo la jino.

Usinune, dada, lakini nilikukumbuka wewe kwenye ile ziara ya Mzenga, ulivyowasukuma watu wazima wenzako ili ukaubusu mkono wa sheikh. Ningekuuliza kama unamwabudu, ungenipiga kwa ndala. Nami Papa simwamini leo kama ambavyo sikumwamini jana. Ila siku hiyo nilielewa nimemkalisha Eugenia juu ya nani.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae chini. Mkasi haukuteleza. Niliupanga uso ule mahali pale, kwenye gauni la Eugenia peke yake, kwa chaki na kwa futi, nikicheka peke yangu. Ulikuwa utani. Nilitaka Eugenia ajaribu gauni nyumbani, Leodegar auone, anifukuze mtaa mzima na mwiko, nitoe kuku, yaishe. Kipande cha nyuma cha haki nilikuwa nimeshakikata, kimo kwenye droo ya cherehani. Sikujua Papa atafariki kabla ya mzaha kufika mwisho.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamfuata Leodegar kwake na jogoo mkononi, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua tangu Jumatatu ile ile, kwa sababu mtu ambaye hajapata kukosea hata ua moja la kitenge hawezi kukosea uso. Alijua, dada, na alisimama mbele ya jumuiya yake na rozari mkononi akanisemea uongo. Na Jumamosi, siku Papa wao anazikwa, alikwenda kuungama uongo ule kwa padri. Jogoo akamkataa. Akasema huu haukuwa utani, maana utani hucheka wote wawili, na Eugenia tangu siku ile hajatoka kwenda hata gengeni.

Leo asubuhi amepita dukani akanisalimu kwa heshima zote: habari za asubuhi, Bwana Bilali. Kwa miaka kumi na tisa mtu yule ameniita mtumwa wake, mla ndezi, mwizi wa kuku. Bwana! Nimefunga duka saa nne, siwezi kushona.

Kesho Jumamosi jumuiya inakutana. Nimemwomba ruhusa nikasimame mbele ya Eugenia na wale wanawake niseme kwa mdomo wangu, na asiyefahamu afahamu kwamba Leodegar alinibeba. Amenijibu kwamba mlango uko wazi. Mwanakheri atafuatana nami. Niombee dua, dada, si wanisamehe upesi, bali Leodegar anitukane tena kabla sijafa.

Wasalimie wote nyumbani na majirani, ila barua hii uichome.

Ni mimi mdogo wako mwenye aibu,
Bilali