Halua ya Bibi

Alhamisi, 6 Februari
Nimeficha vitu viwili. Bahasha, chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo ya kando ya kitanda hiki. Na halua.

Dawa saa moja, uji saa mbili. Vijiko vinne tu. Tumbo limejaa maji. Tangu Jumatatu siwezi kutoka kitandani.

Leo ni siku ya sahani. Dada yangu Mwanamkuu ameipitisha mlangoni kwangu baada ya alasiri, kama kila Alhamisi. Halua, kikombe cha marashi, chetezo cha udi. Anaviweka chumba cha nyuma, anarudisha mlango. Ni vya Bibi, jini la ukoo wetu. Wanasema hukaa katika matumbo ya wanawake wa kwetu. Alimchukua mama. Akamchukua dada yetu Zena. Akamchukua binti yangu mkubwa, Salma. Wote kwa damu isiyokatika. Ijumaa sahani ikikutwa tupu, Bibi karidhika.

Miaka hamsini imekutwa tupu. Nilikuwa naila mimi.

Ijumaa, 7 Februari
Nilianza mama alipokufa. Nilikuwa mwalimu mpya, wa biolojia. Sahani ilikaa siku tatu haijaguswa, imejaa sisimizi, na wanawake wa nyumba hawalali kwa hofu. Nikaila kabla ya alfajiri ili wapate usingizi. Wakalala. Nikaendelea. Mwaka mmoja Mwanamkuu aliweka kashata. Sikuzipenda, nikaziacha. Nyumba ikalia wiki nzima.

Jana sikuinuka. Leo sahani imekutwa tupu.

Jumatatu, 10 Februari
Rukia amekuja kutoka Kigombe, anakofundisha. Ndiye binti aliyenibakia. Miaka arobaini na moja. Haumwi. Daktari amemwambia kwamba kwa jinsi bibi yake, shangazi yake na dada yake walivyokufa, afikirie kuondoa kizazi kabla hakijaugua. Kwanza wapime damu. Ingesaidia kupata karatasi ya mgonjwa yeyote wa ukoo, wajue cha kutafuta. Amezunguka kwa jamaa wote. Hakuna mwenye karatasi.

Mwanamkuu akamwuliza, “Mwanangu, unataka kumvunjia Bibi nyumba? Atahamia wapi? Kwa Amina?”

Amina ni mtoto wa pekee wa Rukia. Ana miaka kumi na mitatu.

Rukia akanigeukia. “Baba, wewe ndiye msomi wetu. Unasemaje?”

Nikafumba macho. Wakadhani nimelala.

Ijumaa, 14 Februari
Jana niliomba mlango wangu uachwe wazi. Naona mlango wa chumba cha nyuma nikiwa nimelala. Sikumwona mtu. Labda nilisinzia.

Tupu tena. Nikaomba niione sahani. Mimi nilikuwa naacha mafuta na alama za vidole. Hii imekauka kama imeoshwa. Panya hawaoshi vyombo.

“Bibi ana njaa siku hizi,” Mwanamkuu akasema. Amefurahi.

Udi nausikia mpaka ndani ya mto. Leo hakuna aliyefukiza. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na sita. Naandika kama ilivyo.

Jumanne, 18 Februari
Rukia ameamua kuacha upasuaji. Alinieleza akinikata kucha. “Nikiondoa mimi, Bibi akamwingia mtoto, nitaishije, baba?”

Hayo hayakuwa maneno yake. Ilikuwa halua yangu inasema kinywani mwake.

Nikamwambia afungue droo. Barua ilitoka India, hospitali nilikokatwa utumbo kwa saratani. Inasema kasoro imo ndani ya damu yangu. Kwangu imeshika utumbo, kwa wanawake wa ukoo hushika kizazi. Kila mtoto wangu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wanangu waambiwe.

Kisha nikamwambia habari ya sahani.

“Miaka yote?”

“Yote.”

“Na Ijumaa hizi mbili?”

“Hizi si mimi.”

Akaisoma tena tarehe ya barua. Akahesabu kwa vidole. Akaikunja, akatoka nayo. Uji wa jioni uliletwa kwa wakati. Haukuwa na sukari.

Alhamisi, 20 Februari
Sahani haikupita. Rukia amemwambia shangazi yake yote. Mwanamkuu akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

“Kumbe jini tunaye kitandani, tunamnywesha uji.”

Alicheka kidogo, kisha akalia. Zena alikuwa pacha wake.

Ijumaa, 21 Februari
Hakuna aliyeweka kitu chumba cha nyuma. Msichana wa kazi amekuta sahani sakafuni katikati ya chumba. Tupu, imeoshwa. Mwanamkuu anaapa aliiacha kabatini. Rukia ameifunga kwenye gazeti, akaitupa.

Jumatano, 12 Machi
Majibu ya damu yamerudi. Rukia anayo kasoro hiyo. Ilikuwa rahisi kuipata, daktari kamwambia, kwa kuwa barua ilionyesha pa kutazama. Atakatwa baada ya Idi. Amina atapimwa akiwa mtu mzima, akitaka mwenyewe.

Rukia alinieleza haya amesimama. Siku hizi haketi humu.

Alhamisi, 10 Aprili
Amekatwa jana. Kapiga simu mwenyewe, sauti imelewa dawa. Salama. Kilichotolewa bado kilikuwa kizima. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Nyumba kimya. Mwanamkuu yuko hospitali naye. Udi unanukia tokea asubuhi. Sijauliza.

Rukia hajanitajia alichokihesabu kwa vidole. Nakiandika mimi. Barua ilifika mwezi wa posa ya Salma. Ukweni walikuwa wanaulizia magonjwa ya ukoo. Nikajiambia nitasema baada ya harusi. Harusi ikapita. Mwaka wa nne Salma akaja, akaketi kwenye kiti hiki kilicho kando yangu, akasema anatokwa na damu nje ya siku zake. Akaniuliza kama kwetu kuna maradhi anayopaswa kuyajua.

Droo ilikuwa hapahapa. Mkono ungefika.

Nilimwambia amkumbushe shangazi yake aongeze halua.